Kope la Kushoto la Mukabaranga

Waya ulikuwa umekunjwa tena. Mukabaranga aliamka usingizi wa mchana, akapapasa miwani yake juu ya kigoda, akakuta kale kawaya ka kuinulia kope kamelazwa chini taratibu, bila kuvunjika, kazi ya vidole vya mtu asiye na haraka. Ndani hakukuwa na mtu mwingine. Mlango alikuwa ameufunga kwa komeo.

Kope lake la kushoto lilianguka wiki ileile mumewe, Védaste, aliporudi kutoka vitani Kongo, alikobebeshwa masanduku ya wenye bunduki msituni. Halikuuma wala halikuwasha. Lilikataa kazi tu. Na kazi ya Mukabaranga ilikuwa macho: alichagua mawe kwenye mchele, pale kwenye mashine ya kukoboa mpunga, Bugarama. Tangu kope lianguke, wanunuzi walikuwa wanavunjika meno, au ndivyo alivyodai msimamizi, ambaye alishamwambia kwamba mwezi ukiisha hivi, asirudi.

Hakukaa kulialia. Alilibandika kwa sparadra, plasta ya dawa, ikamchuna ngozi. Nesi wa zahanati akamwambia yuko daktari Bukavu anayekata kope na kulipandisha kwa mishono michache, ila daraja la Rusizi II, la kuvukia Kongo, lilikuwa limefungwa, na nani avuke kwenda kukatwa jicho huku mizinga inasikika? Ndipo fundi saa wa Kamembe akamtengenezea miwani yenye waya. Ilimfaa. Ilimpa sura ya mwalimu wa shule aliyekasirika, wenzake wakacheka hadi kumwaga mchele, naye akacheka nao.

“Védaste, ni we iko nakunja hii waya?” alimwuliza mumewe jioni ile.

“Miye? Nilikuwa ku shamba tangu asubui. Pengine ni panya.”

“Panya iko na vidole?”

Védaste alichukua jembe lake, akatoka bila kumtazama.

Kesho yake alijilaza mchana huku miwani iko usoni, akajifanya amelala. Joto lilikuwa limebana, hata kuku walikuwa kimya. Kwanza ikaja harufu ya udi, na nyumba ile ya Kikatoliki haikuwahi kufukizwa udi, kisha kitanda kikabonyea upande wa kichwani kama mtu ameketi, kisha kidole, kikavu na chenye joto, kikaupinda waya na kulishusha kope lake polepole, kwa upole ule ule ambao mama humfunika mtoto, na upole huo ndio uliomtia hofu kuliko kitu chochote, akatoka mbio hadi barabarani bila viatu.

Mwalimu Harelimana wa msikitini, aliyeitwa na majirani kwa kuwa hufukuza majini, alikuja baada ya alasiri, na kitabu chake na chupa ya maji ya waridi. Alisoma hadi jasho likamtoka. Mara Mukabaranga akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema, kwa sauti ya mwanamke mzee:

“Niache. Nimekaa na ukoo huu tangu kwa bibi yake. Simdhuru, ninamfunika tu.”

“Unamfunika nini?”

“Asione walioingia na mumewe.”

Védaste, aliyekuwa amesimama pembeni, aliruka. “Mwalimu, fukuza hiyo kitu! Iko nadanganya!”

Mwalimu alikuwa amesikia majini wengi wakidanganya. Hata hivyo alimwinamia Mukabaranga. “Maman, niendelee?”

Alifikiria ungo, mawe, na mwezi ulivyokuwa unakwisha. “Endelea,” akasema.

Mwalimu akaendelea. Mlango ukajibamiza, udi ukatoweka, na kope likapanda lenyewe. Furaha iliyoje! Mukabaranga aliona pande zote mbili za chumba, akaona vumbi likielea kwenye mwanga, akalia kwa raha, akageuka kumwonyesha mumewe.

Nyuma ya Védaste walisimama wanaume, wamelowa, mmoja nyuma ya mwingine, kuanzia begani kwake hadi mlangoni na kutoka nje hadi kwenye tuta la mpunga, kila mmoja na sanduku kichwani, shingo zimezama mabegani kwa uzito, na hakuna aliyewahi kuwaambia wayatue wapi.

“Védaste,” alinong’ona, “hii batu ni banani?”

Mumewe hakugeuka. “Uko nabaona, bale tulibeba nabo bakafa?” akauliza kwa sauti ndogo. “Biko bangapi?”

Wa kwanza alikuwa ameinua macho. Alitambua kwamba anaonekana. Akampita Védaste, akamjia Mukabaranga, akainama na kusogeza kichwa mbele, vile mchukuzi anavyofanya akitaka kutuliwa mzigo.

“Usipokee!” Védaste alisema huku analia. “Mukabaranga, usipokee muzigo yao!”

“Mwalimu, muite arudi! Yule bibi, muite arudi anifunike!”

Mwalimu alikuwa amekwisha kufunga kitabu. Hakuona mtu ila mke na mume wanaotetemeka. “Hawezi, Maman,” alisema. “Nimemfungia njia.”

Mukabaranga akajaribu kufumba macho. La kulia tu likafumba.