Mikono Miwili Ndani ya Risiva

Fundi alikutwa saa nne asubuhi, kifua kimelalia meza ya kazi, mikono yote miwili ndani ya risiva aliyokuwa ameifungua kifuniko.

Risiva yenyewe, redio kubwa ya kupigia muziki, ilikuwa mashine kwelikweli: umri zaidi ya miaka arobaini, kasha la mbao, wati arobaini na tano kila upande, na taa ya buluu iliyokuwa bado inawaka. Mnunuzi alikuwa aje kuichukua mchana. Inspekta alichomoa plagi ukutani kabla mtu hajagusa mwili.

"Ajali," alisema daktari wa polisi. "Umeme umeingilia kiganja hiki, ukatokea kile."

Inspekta hakuridhika. Aliwahi kumletea fundi huyu redio yake, akamwona kazini. Kifaa kikiwa na umeme, alitia mkono mmoja tu. Wa pili aliuweka mfukoni, umeme usipate njia ya kupita moyoni. Miwili aliitia pale tu alipokuwa amechomoa plagi mwenyewe. Basi kuna mtu aliyeichomeka.

Tena swichi ya kuchagulia redio au kaseti ilikuwa kwenye kaseti, na sauti imefunguliwa karibu mwisho. Deki ya kaseti iliyounganishwa pembeni ilikuwa tupu.

Alimwita mshonaji wa chumba cha jirani.

"Ulisikia nini?"

"Umeme ulikatika asubuhi, afande. Uliporudi, saa tatu hivi, nikasikia mtoto anahesabu. Moja, mbili, tatu. Sauti kubwa kweli."

"Mtoto gani?"

"Ndicho kilichonishangaza. Wao mtoto hawana. Waliyekuwa naye alikufa mwaka juzi."

Inspekta alitamani asingeuliza. Aliingia jikoni, alikoketi mke wa marehemu.

"Kaseti iko wapi, mama?"

Mwanamke akaitoa kifuani.

"Nani alichomeka risiva?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Mume wangu hakutaka kuisikia sauti ya binti yetu. Alisema hawezi. Na leo risiva inauzwa, nitamsikilizia wapi tena? Alipokwenda kuoga nikachomeka, nikaweka kaseti, nikabonyeza. Kimya. Kumbe umeme umekatika. Nikamsikia anarudi, nikakimbilia huku. Plagi nikaisahau."

"Hukumwambia?"

"Niliona haya."

Fundi alirudi akijua plagi aliichomoa kwa mkono wake, na meza yake huwa haiguswi na mtu mwingine. Akaketi kumalizia kusafisha vumbi.

"Umeme uliporudi, mtoto akaanza kuhesabu," mwanamke aliendelea. "Nikasema, leo baba yake kakubali tumsikilize wote. Nikakaa hapa hapa, afande, nalia kwa furaha. Nikasikiliza mpaka upande mzima ukaisha. Ndipo nikaenda kumshukuru."

"Kaseti uliificha ya nini?"

"Niliogopa mtaichukua."

Inspekta aliichukua. Akaitia kwenye mfuko wa vielelezo, kwa kuwa ndivyo sheria inavyotaka. Alifungua daftari aandike kosa. Miaka ishirini na miwili kazini, na hakujua aandike nini.

"Aliniita?" mwanamke aliuliza. "Sauti niliiweka juu mwenyewe. Kama aliniita, nisingemsikia."

"Sijui, mama," alisema Inspekta, na kweli hakujua.