Mstari Chini ya Injini

Saa tatu na dakika kumi asubuhi ya Jumatano, pikipiki ya muuguzi ilikutwa mtaroni kwenye kona ya ghala la mbao. Mwenyewe alikuwa mita nne mbele, mguu wa kulia umevunjika mara mbili. Tairi la nyuma lilikuwa limelowa oili chapachapa.

Sajenti wa upelelezi, mwanamke mfupi asiyependa kuharakishwa, alilala kifudifudi akachungulia chini ya injini. Jana yake pikipiki hiyo ilifungwa geji ya joto la oili: bolti ya kumwagia oili ilitolewa, ikawekwa nyingine yenye kihisi cha joto, na waya ukapandishwa hadi kwenye usukani. Bolti hiyo sasa ilizunguka kwa vidole viwili tu. Waya wake ulikuwa umejisokota mzunguko mmoja na nusu.

Kilichomkera sajenti ni mstari wa rangi nyeupe. Mafundi huuchora wakishakaza, kutoka kwenye bolti hadi kwenye injini, ili bolti ikilegea mstari ukatike. Huu haukukatika, na bolti ililegea.

Saa sita fundi aliyeifunga geji alikuwa kituoni, mikono bado ina grisi.

"Mguu wa yule dada ukikatwa, utafungwa," sajenti alimwambia. "Gereji tumeshaifunga. Ulikaza au hukukaza?"

"Nilikaza, afande. Kwa spana, mbele ya mwenyewe. Saa tisa alasiri. Saa kumi nikafunga mlango nikaenda zangu nyumbani, pikipiki ikalala gereji. Ameichukua leo saa mbili."

"Basi mbona mstari umenyooka na bolti imelegea?"

Fundi aliinua kichwa. "Umenyooka?"

"Kama rula."

Akayashusha macho mezani. "Basi nilisahau kukaza, afande. Andika hivyo."

Sajenti aliandika, lakini hakuamini hata nukta. Bolti iliyosahauliwa kukazwa haisokoti waya. Kuna mtu aliilegeza waya ukiwa umeshaunganishwa.

Kwanza alimwendea fundi wa ng'ambo ya barabara, aliyezoea kujigamba kwamba gereji ile ataiua kwa mikono yake. Jumanne alishinda kwa daktari wa meno, na shavu lilikuwa bado limemvimba. Tena ufunguo wa gereji hana. Funguo zilikuwa mbili tu: wa fundi na wa mdogo wake.

Mdogo mtu hakuhitaji kubembelezwa. Alijaza ukurasa mzima na kutia sahihi.

"Kaka siku hizi anasahau sana, afande. Nilishamwonya. Mimi hata sikuwepo akifunga hiyo geji. Nilifuata vipuri tangu saa sita, nikarudi saa kumi na moja kuviweka ndani, yeye ameshafunga na kuondoka."

Saa tisa sajenti alikuwa kando ya kitanda cha muuguzi.

"Pole, dada. Ulimwona fundi akichora mstari?"

"Auchore nani? Niliuchora mimi!" Muuguzi alijaribu kucheka, maumivu yakamkatiza. "Nilimwomba anipe brashi. Mkono ukatetemeka, mstari ukaenda upogo. Akanitania kwamba hata sindano zangu huchomwa hivyohivyo. Akauacha."

Saa kumi na moja ndugu wawili waliketishwa meza moja.

"Aliyelegeza bolti," sajenti alianza, "aliufuta mstari kwa petroli, akachora mwingine ili lawama zimwangukie fundi. Alikuwa na ufunguo na kopo la rangi, na anajua fundi huchora mstari ulionyooka. Ila hakuwepo mteja alipouchora wake ukapinda." Akamgeukia fundi. "Wewe ulijua pale pale niliposema umenyooka. Ukaamua kufungwa wewe."

"Ni mdogo wangu, afande."

"Basi msikie huyo mdogo wako." Akausoma ukurasa ule wote, taratibu, mpaka kwenye sahihi.

Fundi alisikiliza akimtazama mdogo wake usoni, akisubiri akatae. Hakukataa. Uso wa fundi ulisawajika.

"Miaka kumi na mbili!" mdogo mtu akafoka. "Nafungua injini usingizini, lakini kwa wateja mimi ni 'mdogo wake fundi' tu! Nilitaka oili ivuje pale mlangoni, wakuone na wewe unakosea. Sikujua ingefika kwenye kona."

"Na huu ukurasa? Ajali imeshatokea, dada wa watu yuko kitandani, ukakaa ukaandika?"

Mdogo mtu aliinamisha kichwa. "Niliogopa, kaka."

"Mimi pia niliogopa. Nilikuogopea wewe." Fundi alifuta macho kwa kiganja, grisi ikamchafua shavu. "Afande, yale maneno yangu ya mchana yachane. Sikusahau kitu."

"Kaka, tafadhali. Mama akisikia..."

Fundi alisimama, akasukuma kiti ndani ya meza.

"Mama utamwambia wewe."