Mawe ya Mwenye Pango

Zainabu alipita mbele ya simu ya bintiye akielekea jikoni, na kiumbe cha mchezo kilichokuwa kikionekana kwenye kioo chake kikajificha nyuma yake, sawasawa kama ilivyotakiwa. Subira alitabasamu. Jambo hilo lilikuwa limemhangaisha kwa muda mrefu. Lakini mama alipokwisha kupita, kiumbe hakikurudi chote. Ubavu wake mmoja uliendelea kufichika, kana kwamba pale sebuleni, kati ya simu na ukuta, palikuwa na mtu mwingine aliyesimama.

Aliinua macho. Palikuwa na mkeka, charahani ya mama yake, na jua la asubuhi mlangoni. Akatazama tena kwenye simu. Simu ikikosea hukosea ovyo. Mkato huu ulikuwa safi, una bega, una shingo, na kichwa kimeinamishwa kwa sababu paa la nyumba yao lilikuwa chini.

Subira alikuwa akisoma Ukunda, ghorofani juu ya duka la vigae, kwenye darasa la kutengeneza michezo ya simu. Mwalimu wao, Quincy, kijana wa bara mwenye maneno mengi, aliwaonyesha namna ya kuchanganya picha za kompyuta na yale ambayo kamera inayaona, hata mtu akielekeza simu mezani kwake anaona paka ameketi pale ambapo hapana paka. Aliwafundisha pia kuiwezesha simu kumtambua binadamu, ili akipita mbele ya paka, paka afichwe. Sasa simu ya Subira ilikuwa imemtambua binadamu. Alimwandikia Quincy, naye akajibu kwamba mwanga wa nyumbani kwao ni mdogo. Subira aliridhika, kwa kuwa alitaka kuridhika.

Ukweli ni kwamba alikuwa na sababu ya kuogopa. Nje kidogo ya Msambweni, walikokaa, nyuma ya mashamba ya minazi, kulikuwa na pango la mzimu. Watu wa pale walikuwa wakiingia wamevua viatu, wakinyunyiza marashi, wakiomba haja zao kwa sauti ya chini na kutoka mikono mitupu, kwani humo hakikutolewa kitu, hata kijiwe. Mwenyewe aliitwa Mwenye Pango, wala hakutajwa kwa jina jingine. Subira aliingia na simu. Alilipiga picha pango zima, kuta na popo na vitambaa vyekundu na vyeupe vilivyofungwa kwenye mizizi, akazunguka kila pembe mpaka kompyuta ya darasani ikaweza kuliunda upya. Hakugusa kitu. Alijiambia hivyo njia nzima ya kurudi nyumbani.

Mchezo alioutengeneza ulikuwa wa kupendeza. Ukielekeza simu kwenye ukuta wowote, ukuta unafunguka, na nyuma yake linaonekana pango refu lenye giza. Mchezaji anafuata sauti ya maji mpaka amkute mwenyewe, mrefu, aliyejitanda kaniki. Hapo anampa marashi, naye anamwachia njia. Quincy aliucheza akausifu, kisha akatikisa kichwa.

"Iko fiti, Subira, lakini haina moto," alimwambia. "Mtu atacheza mara moja aiache. Huyu jini apigwe na kitu. Mawe, kwa mfano. Anatokea, unamrushia, anaumia, unapata pointi."

Subira alisema yule si wa kupigwa. Quincy akamwuliza kama alikuwa anataka kwenda kufanya kazi Nairobi au alikuwa anataka kubaki kumshikia mama yake uzi. Kulikuwa na maonyesho yanakuja, hotelini Diani, na wenye kampuni za michezo walikuwa wamealikwa. Subira akayaweka mawe. Na aliyaweka vizuri, kwani kazi mbovu hakuijua: ukitelezesha kidole jiwe linaruka, likimpata Mwenye Pango anajikunja, anapashika palipoumia, na kilio kinamtoka. Kilio hicho Subira alikirekodi kwa sauti yake mwenyewe.

Hotelini watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Wageni, wapishi, walinzi wa geti, wote walipanga foleni kumpiga mawe Mwenye Pango. Subira alipewa zawadi ya kwanza na kupigwa picha nyingi. Jioni ile ile Quincy aliusambaza mchezo kwenye makundi ya simu, na watu wakaanza kurushiana, kuanzia Waa na Ramisi mpaka kwa madereva wa malori Mackinnon Road.

Jiwe la kwanza lilianguka juu ya bati alasiri moja, Zainabu akiwa anashona dera la arusi barazani. Alitoka akawakaripia watoto wa jirani, lakini watoto wa jirani walikuwa madrasa. La pili lilianguka na kubingirika mpaka miguuni pa Subira. Lilikuwa jeupe, lenye vitundu, bichi kwa maji na baridi kama limetoka ardhini wakati huo huo. Akalinusa. Lilinuka mavi ya popo, na chini ya harufu hiyo palikuwa na marashi.

Majirani walisema ni wahuni. Mwenyekiti wa mtaa alileta vijana wakaizunguka nyumba pande zote, na mawe yakaanguka katikati yao bila mtu kuona yalikotoka. Hayakumpata yeyote wa wale vijana. Ni Subira aliyegundua kinachoyaleta. Alikuwa ameutengeneza mchezo umpelekee taarifa kwenye simu kila mchezaji anapompata Mwenye Pango kwa jiwe, kwa kuwa alipenda kujua. Simu ililia, na jiwe likaanguka. Ikanyamaza, na bati likanyamaza. Ikalia tena, na kabla mlio haujaisha bati likapigwa juu ya kichwa chake.

Aliizima simu. Mawe hayakuzimika.

Ikaja jioni ya Ijumaa, jua likiwa bado halijazama, watu wamerudi kutoka makazini na kila mwenye simu ameketi na simu yake, na mawe yakaanza kuja mfululizo, kwanza juu ya bati, halafu kwenye mbao za dirisha, halafu, wakati Subira na mama yake wamejibanza kwenye pembe ya sebule huku wanasoma kila dua waliyoijua, yakaanza kutoka ndani, kwenye ukuta ule ule aliokuwa akiujaribia mchezo wake, ukuta mzima usio na ufa wala tundu, na kila jiwe lilipotoka kulitoka nalo pumzi ya baridi na sauti ya maji yanayodondoka mbali sana, na nyuma ya sauti hiyo kilio, kile alichokirekodi yeye kwa kinywa chake, ila sasa hakikuwa kilio cha kuigiza.

Zainabu alinyoosha mkono kumfunika bintiye kichwa. Jiwe lilimpata kwenye vidole. Wote wawili waliusikia mfupa.

Usiku ule ule Subira aliufuta mchezo kwenye simu yake na kwenye kompyuta ya darasani, kisha akampigia Quincy akamsihi auondoe kule alikousambaza na awaombe watu waufute. Alimweleza yote. Quincy alimsikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo. Alisema mambo ya majini awaachie watu wa Pwani, na kwamba mchezo ukishapendwa hauitwi nyuma.

Asubuhi mama aliamka na macho yasiyokuwa yake. Hakutaka chai, hakumjua Subira, na alikaa chini ameinamisha kichwa kana kwamba paa lilikuwa linamgusa. Jirani yao alikwenda Waa kumleta Bi Mwanapili, mwanamke mfupi mwenye hasira za karibu, aliyetibu watu wa mashetani tangu ujana wake, na aliyekuja na chetezo chake mwenyewe kwa kuwa hakuviamini vya watu.

"Shikamoo, Bi," Subira alimwamkia.

"Marahaba. Kaa mbali na ukuta."

Alifukiza udi na ubani, akamfunika Zainabu kaniki, akasoma mpaka kaniki ikaanza kutikisika. Sauti iliyotoka chini yake ilikuwa nzito na ya taratibu, haikuwa na haraka yoyote.

"Wewe ni nani?" Bi Mwanapili aliuliza.

"Mnanijua. Mlikuja kwangu kuomba watoto, mkaja kuomba mvua. Leo mwaniuliza mimi nani."

"Huyu mama hana kosa."

"Nami nilikuwa na kosa gani?"

Bi Mwanapili alimwuliza anataka nini, kama ni kuku, kama ni kitambaa, kama ni sadaka ya kupelekwa pangoni.

"Sitaki cha mtu. Nilipigwa, napiga. Sizidishi hata moja. Namrudishia mwenye mchezo na walio chini ya paa lake."

Subira alitambaa mpaka karibu na kaniki, akasema kwamba ameufuta, ameufuta wote, hana tena.

"Bado wananipiga," ile sauti ilisema. "Hivi sasa, tukizungumza, wananipiga."

Na bati likalia juu yao.

Ilikuwa adhuhuri ndipo Bi Mwanapili alipomtoa. Zainabu aliita jina la bintiye, akaomba maji, akalala. Mganga alikuwa amelowa jasho. Alimwambia Subira kwamba ndani ya mama yake amemtoa. "Lakini kwenye haki yake siwezi kumtoa, mwanangu," alisema. "Alivyosema ndivyo. Anamfuata mwenye mchezo. Mwenye mchezo ni nani?"

"Mimi," Subira alijibu.

Tangu hapo alianza kuzunguka. Alikwenda nyumba kwa nyumba, Msambweni mpaka Ramisi, akiwaomba watu waufute mchezo, na mawe yakimfuata njiani, moja begani, moja kisogoni, huku watu wakimwona yule msichana wa kwenye picha za hotelini anawapigia magoti na damu inamtiririka shingoni. Wengi waliufuta kwa huruma. Wengine waliufungua kwanza mbele yake waone una nini, wakarusha jiwe, na jiwe likamrudia yeye papo hapo. Mkono wa Zainabu ulipona ukiwa umekunjika. Dera la arusi lilirudi kwa mwenyewe bila kumalizwa.

Kisha siku moja mawe yakakoma. Wakangoja alasiri, wakangoja magharibi, bati likawa bati tu. Zainabu alilia kwa shukrani. Subira hakulia, kwa sababu aliogopa kujua sababu.

Sababu aliipata kwa rafiki yake wa darasani, Monicah, aliyempelekea picha kwa simu. Quincy alikuwa Nairobi. Alikuwa ameuweka mchezo mahali ambapo ulimwengu mzima ungeweza kuupata, pango ni lile lile, kaniki ile ile, kilio kile kile, na mahali pa jina la mtengenezaji palikuwa na jina lake peke yake. Gazeti moja lilikuwa limemhoji. Alisema wazo lilimjia akiwa anaogelea Diani. Alisema mchezo huo ni wake kuanzia jiwe la kwanza mpaka la mwisho.

Monicah alikuwa na hasira kuliko Subira. Alisema darasa zima lingesimama mashahidi, na kwamba Subira aandike tu kudai kilicho chake. Subira aliandika. Aliandika maneno makali na mazuri, akaeleza pango na usiku aliokesha, na mwisho akaandika: mchezo huu ni wangu. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma. Aliinua macho akalitazama bati lililonyamaza, akautazama mkono wa mama yake. Aliyafuta yale maneno, moja baada ya jingine, mpaka pakabaki peupe.

Hakumpigia Quincy simu kumwonya. Angeweza. Badala yake alikuwa akitazama kila asubuhi ni watu wangapi wameupakua mchezo, nchi baada ya nchi, na idadi ilipokuwa ikipanda alihisi kifuani mwake joto tamu lililomtisha kuliko mawe.

Quincy ndiye aliyepiga. Ilikuwa mchana, Subira ameketi mkekani anamtungia mama yake sindano, kwani mama hakuweza tena. Ile sauti ya maneno mengi ilikuwa imepotea. Mtu alikuwa akinong'ona, akihema, na nyuma yake kulikuwa na mvumo mmoja usiokatika, kama mvua kubwa juu ya paa.

"Subira, skiza, nimehama nyumba, yanakuja tu," alisema. "Nimeufuta, lakini uko kwa simu za watu, wanazidi kucheza. Yanatoka kwa ukuta. Nisaidie. Nitaandika jina lako, nitasema kwa gazeti, pesa chukua zote. Wewe sema tu ni yako. Sema neno hilo moja."

Subira aliielekeza sindano kwenye mwanga wa mlango.

"Hongera, mwalimu," alimwambia. "Ni yako."

Aliilaza simu kifudifudi mkekani, lakini hakukata. Ule mvumo uliendelea kusikika kupitia kwenye majani ya mkeka, na mtu akilia ndani yake, halafu ni mvumo tu. Zainabu aliuliza nani anapiga.

"Ni mwalimu wangu wa Ukunda," Subira alisema. "Alitaka kunirudishia kitu. Nimekataa."

Akaupitisha uzi kwenye tundu la sindano, akampa mama yake.