Windo Halali

Mwamuzi alipaa bila kelele, akatulia juu ya uwanda wa Ranchi ya Lemooti. Alikuwa mtambo wa duara usiozidi ukubwa wa sufuria ya wali, lakini kisheria neno lake lilikuwa la mwisho. Kazi yake ilikuwa kupima miguu ya mnyama. Mnyama akikimbia, Mwamuzi aliwasha taa ya kijani, na bunduki ya mgeni aliyelipia kuwinda, ambayo Mwamuzi huyo aliifunga kwa mawimbi, ikafunguka. Mnyama akisimama au akitembea tu, aliwaka nyekundu, na bunduki ikabaki chuma kitupu. Kumpiga mnyama aliyesimama ni kuchinja, si kuwinda. Ndivyo wakubwa walivyokubaliana baada ya dunia nzima kuwapigia kelele wenye ranchi. Na mnyama asiyekimbia mpaka king'ora cha jioni kilie, aliondolewa kwenye mawindo maisha yake yote.

Dakta Nembris Laizer alikuwa ameitegemea sheria hiyo kwa roho yake yote.

Mbele yao, yeye na meneja na mgeni wa siku ile, alikuwa Pamba, choroa mweupe wa jangwa la Sahara, pembe zake ndefu zimepinda kuelekea mgongoni. Huko kwao walikwisha kitambo. Nembris ndiye aliyemkuza katika tumbo-kioo la maabara, akampokea akiwa amelowa chapachapa, akamnywesha maziwa kwa chupa. Kila asubuhi gari dogo la maziwa lilipotoka bandani, Pamba alikuwa nyuma yake. Wenzake walimtania Nembris kwamba amezaa, naye hakukataa.

Wanyama wa chupa hawamwogopi mtu, kwa hiyo kila aliyekomaa alivishwa ukosi wa hofu. Mtu akisema neno, ukosi humchoma mnyama, mpaka sauti ya binadamu imtie kiwewe. Nembris alikuwa amewavisha wengi huku akitazama pembeni. Ilipofika zamu ya Pamba, mkono ulikataa. Alimvisha ukosi uliotolewa betri, asimwambie mtu.

Sasa jua lilikuwa linateremka, na Pamba alikuwa ananusa viatu vya mgeni.

"Huyu naye vipi?" aliuliza Bwana Ishengoma, mzee wa viwanda aliyesafiri kutoka mbali kwa ajili ya pembe zile. "Mbona hana hata wasiwasi?"

Meneja, Bwana Kihwelo, alimgeukia Nembris. "Dakta, huyu umemfunza kweli?"

"Ukosi anao. Si unauona?"

"Nauona. Na mnyama anayetaka kubebwa pia namwona." Akashusha sauti. "Dada yangu, hawa si watoto. Nilikwambia tangu siku ile ulipompa jina."

Mgeni alimkuna Pamba kwenye paji la uso, akacheka kidogo. "Akikimbia, sawa. Hivi hivi siwezi kumpiga, hata mashine ingeniruhusu."

"Nenda bandani, Dakta," Kihwelo alisema kwa hasira. "Akikuona hapa hatabanduka. Mimi na wewe tutaongea kesho."

Nembris alielewa kwamba kazi hana tena, na hakujali. Pamba alikuwa amepona! Kilichobaki ni king'ora tu. Machozi yalimlenga, na kwa kuwa hakutaka Kihwelo ayaone, aliingia haraka kwenye gari alilokuja nalo, akaliwasha. Njiani alikuwa tayari anawaza mahali pa kumtandikia nyasi.

Lilikuwa gari la maziwa.

Pamba aliinua kichwa. Kwanza alitembea. Gari likaongeza mwendo, naye akaongeza. Nembris alimwona kwenye kioo cha pembeni, akatabasamu kwa mazoea, kama alivyotabasamu kila asubuhi. Kisha kioo kikageuka kijani.

Alikanyaga breki, akaruka nje. "Simama! Pamba, simama!"

Neno hilo hakuwahi kumfundisha. Tangu alipozaliwa, Pamba alikuwa ameitwa tu na sauti ile, hajawahi kuzuiwa nayo. Aliisikia, akanyoosha shingo, akatoka mbio kwa nguvu zake zote.

"Mnyama anakimbia," alitangaza Mwamuzi. "Windo ni halali."

Mlio ulikuwa mmoja.

Nembris alipomfikia, Pamba alikuwa anatafuta chupa kwenye kiganja chake. Alimpa vidole. Akamfungua ule ukosi usio na betri, akakipakata kichwa chake kizito, akalia kwa sauti bila kumwonea haya mtu. Juu yao Mwamuzi aliwaka nyekundu tena, kwa kuwa mnyama hakuwa anakimbia. Ndipo king'ora cha jioni kikalia.

Bwana Ishengoma alikuja taratibu, bunduki ameielekeza chini. Alitazama alama za kwato mchangani, jinsi zilivyonyooka.

"Dakta," aliuliza, "alikuwa anakimbilia wapi?"

"Kwangu, mzee," alisema Nembris. "Alikuwa anakuja kwangu."