Fimbo ya Kuita Pomboo

Pomboo jike alikufa katika mkondo wa bahari wa kijiji cha Tinweish akiwa na kipande cha wavu wa nailoni mkiani. Wavu wa aina hiyo ulikatazwa na sheria ya hifadhi, na pomboo mwenyewe alilindwa na sheria hiyohiyo. Aliyeutega alikuwa Mbarek, na Mbarek ndiye mtu ambaye kijiji kizima kilimtegemea kuwaita pomboo. Alfajiri ile hakuna aliyelijua jambo hilo isipokuwa yeye. Jua lilipochomoza, binti yake Teslem alilijua pia.

Teslem alikuwa na miaka kumi na miwili. Katika majira ya mkizi, kazi yake ya asubuhi ilikuwa kumsaidia bibi yake Yensarha kuwageuza samaki waliopasuliwa na kuanikwa kwenye kamba, kabla ya kengele ya shule. Kila Ijumaa alifinyanga udongo. Alitengeneza vibonge vidogo vyenye tundu katikati, akavichoma kwenye makaa, navyo vikafungwa chini ya nyavu ili zizame. Wanawake wote wa Tinweish walifanya kazi hiyo, na kila mmoja alitia alama yake ili vibonge visichanganyike. Alama ya Teslem ilikuwa mikwaruzo mitatu ya kucha iliyopangwa kama nyayo za ndege.

Asubuhi hiyo walikuwa hawajamaliza kamba ya kwanza waliposikia watu wakiitana ufukweni. Wakaacha samaki, wakaenda.

Pomboo alilala ubavu juu ya mchanga pale maji ya kupwa yalipomwacha. Watu walimzunguka kama wanavyozunguka maiti ya jamaa. Waimragen wa Tinweish, watu wa uvuvi tangu kale, hawamli pomboo wala hawamtupii jiwe. Tangu mababu, mkizi wakipita karibu na pwani, mtu mmoja huingia majini na kuyapiga kwa fimbo ndefu. Pomboo husikia wakiwa mbali, wakaja, wakawasukuma mkizi mpaka kwenye nyavu za watu. Watu hupata chao, pomboo hupata chao.

Yensarha alipiga magoti, akambonyeza yule mnyama tumboni. Maziwa yakatoka, yakaingia mchangani.

"Ananyonyesha," alisema.

Wote wakatazama mkondoni. Pezi dogo lilikuwa likizama na kuibuka, likizama na kuibuka, mahali palepale.

"Hiyo ni nailoni," mtu mmoja alisema. "Sweilim, si wewe ndiye mwenye kuipenda?"

"Yangu ilichomwa mwaka jana," alijibu Sweilim, rafiki wa Mbarek. "Na wewe uliuota moto wake, nakukumbuka, ulisema baridi imekuzidi."

Wawili watatu walicheka, kisha wakaona aibu, wakanyamaza.

Teslem hakucheka. Alikuwa ameona kitu kwenye kipande kile cha wavu: kibonge kimoja cha udongo, chenye mikwaruzo mitatu ya kucha. Aliinama kama mtu anayelia. Akakivuta, uzi ukakatika, akakificha kiganjani. Alipoinua macho alimtafuta baba yake. Mbarek alikuwa amesimama nyuma ya watu wote, akiangalia miguu yake.

Lemrabot, mlinzi wa hifadhi, alifika na gari saa tatu. Alimpima pomboo, akaandika, akasimama.

"Sheria mnaijua," alisema. "Niliwasomea msikitini, nikawasomea watoto shuleni. Pomboo hauawi, hakamatwi, nyama yake haiuzwi. Aliyemnasa kwa bahati mbaya akaja kusema siku hiyohiyo, tunaandika, tunazungumza kama watu. Aliyeficha, mashua yake inapandishwa nchi kavu msimu mzima. Nani?"

Watu wakaangaliana.

"Haya. Nina mpaka jioni, nitangoja."

Alingoja. Jua likazama, hakuna aliyekuja. Ndipo alipokagua mashua moja baada ya nyingine, na chini ya ubao wa mashua ya Sweilim akakuta nyuzi za nailoni, zisizozidi kiganja kimoja, zilizofungia ndoo.

"Bwana we, hizo ni kamba za ndoo!" Sweilim alisema.

"Mwaka jana pia ulikuwa na maneno," alijibu Lemrabot. "Alhamisi nakuja na trekta. Mashua hii inapanda."

Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Jumanne mkizi walipita. Mtu aliyewekwa kutazama bahari aliona maji yakiwa meusi kando ya pwani, akapiga kelele, na wanaume wakakimbilia baharini na nyavu mabegani. Mbarek aliingia mpaka magotini, akayapiga maji kwa fimbo. Alipiga mpaka jasho likamtoka katika baridi ile. Hakuna pezi lililoonekana. Mkizi wakapita kama kivuli cha wingu, na wanaume wakarudi wakitetemeka na nyavu kavu.

Jumatano ikawa vilevile.

"Pomboo nao wanafanya matanga," alisema Yensarha. "Wewe ungekwenda kuvua mama yako akiwa hajazikwa?"

Mchana huo Sweilim alikuja kunywa chai kwao, kama alivyofanya kila siku tangu yeye na Mbarek walipokuwa wavulana. Aliketi mkekani na kunyoosha miguu.

"Mke wangu hanipi hata salamu," alisema. "Nimemwapia, nimeshika Msahafu, bado ananitazama kama fisi aliyeingia zizini. Wewe, Mbarek, unaniamini?"

Mbarek alikuwa akimimina chai kutoka juu, povu likipanda. Chai ikakosa bilauri, ikamwagika siniani.

"Nakuamini," alisema.

"Basi nitalala. Neno lako linanitosha." Akamgeukia Teslem. "Na wewe, mrithi wa fimbo? Ungekuwa mvulana, wallahi, baba yako angestaafu leo."

Utani huo alikuwa akiufanya mwaka mzima. Safari hii Teslem aliinuka, akatoka.

Alikwenda kukaa kando ya kamba za samaki. Nusu ya kamba zilikuwa tupu. Alikishika kile kibonge mfukoni mpaka kikapata joto. Alijua kuwa akisema, mashua itakayopanda ni yao. Mama yake alikuwa hospitali mjini Nuadhibu, mwezi wa pili sasa, na dawa zake zilitoka katika mashua hiyo. Lakini hilo halikuwa peke yake lililomfunga mdomo. Lilikuwapo jingine, ambalo hata baba yake hakulijua.

Kule ufukweni Sweilim alikuwa ameanza kuung'oa mlingoti wake mwenyewe, ili trekta isiuvunje. Mtoto wake mdogo alishika ncha ya kamba. Teslem alimsikia akiuliza, "Baba, tunahama?"

Teslem alirudi nyumbani. Mbarek alikuwa peke yake mkekani, na bilauri ya pili kati ya tatu za desturi mkononi. Teslem alikiweka kibonge juu ya sinia, mbele yake.

Baba alikiokota, akakigeuza.

"Umekitoa wapi?"

"Mkiani."

"Nani mwingine amekiona?"

"Hakuna."

Mbarek aliweka bilauri chini. "Tajiri wa Nuadhibu anayenunua mayai ya mkizi ndiye aliyeniachia ule wavu," alisema taratibu. "Haukuwa na vizito. Nikachukua vibonge kwenye kikapu chako. Nilisema ni mara moja tu, mkizi wamechelewa, mama yako anangoja. Jumapili alasiri nikautega mkondoni; alfajiri nikamkuta pomboo amekufa ndani yake, nikaukata wavu, nikauficha." Alipangusa uso. "Nimefanya kazi hii miaka ishirini, Teslem. Pomboo hawaingii mkondo ule maji yakitoka, ila wakiitwa. Mwenye kuwaita ni mimi, na mimi sikuwaita. Kwa hiyo nikasema hakuna hatari. Siku tatu najiuliza, yule jike alifuata nini mle ndani."

Teslem aliketi mbele yake.

"Mimi nilimwita," alisema.

"Wewe?"

"Jumapili jioni, mlipokuwa msikitini. Nilichukua fimbo yako, nikaenda mkondoni. Nilitaka kuona kama watanijia na mimi. Nilipiga kama unavyopiga, mbili ndefu, tatu fupi. Nikaona pezi linakuja, nikafurahi. Halafu nikaogopa usije ukaniona, nikakimbia. Niliipangusa fimbo kwa mchanga."

Mbarek hakumpiga wala hakumfokea. Alifunika macho kwa kiganja. Katika Tinweish, fimbo hiyo haiguswi na mtu mwingine, na maji hayapigwi kama watu hawako tayari na nyavu. Mtoto wa miaka mitatu anajua hivyo. Kumwita pomboo ni kumwambia kwamba njia ni salama.

"Alikuja kwa sababu ulimwita," alisema mwishowe. "Na alipokuja, akakuta wavu wangu."

Aliinuka. Bilauri ya tatu, inayofunga chai, hakuinywa. Akaingia hemani, akavuta wavu uliokuwa umefichwa ndani ya tanga kuukuu, akautupia begani.

"Unakwenda wapi?" Teslem aliuliza.

"Tunakwenda. Chukua na fimbo."

Lemrabot alikuwa kwenye kibanda cha hifadhi mwisho wa kijiji. Watu walimwona Mbarek akipita na nailoni begani mchana kweupe, wakaacha kazi zao na kumfuata. Sweilim alikuja na kamba ya mlingoti bado mkononi.

Mbarek aliuweka wavu chini. Alisema yote, bila kupunguza. Teslem naye alisema lake, kwa sauti ndogo, na Yensarha akamwambia, "Sema tena, wa nyuma hawajasikia." Akasema tena.

Sweilim alikuwa wa kwanza kufungua mdomo.

"Siku tatu," alisema. "Siku tatu nakunywa chai yako, unanitazama machoni. Leo mchana nimekuuliza kama unaniamini."

"Ndiyo."

"Ukaniambia unaniamini."

"Na nilikuamini, Sweilim. Nani angekuamini kuliko mimi?"

Sweilim aliitupa kamba miguuni pa Mbarek, akaondoka.

Lemrabot aliandika mpaka akamaliza ukurasa. Kisha akasema mashua ya Mbarek itapandishwa kesho badala ya ile nyingine. Jina la tajiri wa Nuadhibu aliyeleta wavu alilichukua pia, kwa kuwa sheria inamfikia naye.

"Ungekuja Jumatatu," alimwambia Mbarek, "nisingeigusa mashua yako. Ningeandika, tungeuchoma wavu, basi."

"Najua."

"Na wewe, binti." Lemrabot alichuchumaa ili macho yao yalingane. "Kibonge ulikiona Jumatatu. Kwa nini umekileta leo?"

"Mtoto wa Sweilim aliuliza kama wanahama."

Mlinzi aliinuka.

"Nisikilize, na nyinyi wengine msikilize. Pomboo hawezi kuja hapa kibandani kushtaki. Hajui kusema nani kamuua, wala mtoto wake hawezi. Ndiyo maana ikawekwa sheria ya kumsemea. Lakini sheria haina macho, macho yake ni yenu. Mkiona mkaficha, pale kwenye karatasi yangu panabaki wino tu, na adhabu inamwangukia asiyehusika. Nami nimekosa. Nilimhukumu mtu kwa kosa lake la mwaka jana. Nitakwenda nyumbani kwake kumwomba radhi."

Yensarha aliichukua fimbo mikononi mwa mjukuu wake.

"Mababu hawakuwa na karatasi," alisema, "lakini walikuwa na katazo, na lilikuwa lilelile. Ukimwita mwenzako, umechukua dhamana ya roho yake. Mwanangu alidhani kwa kuwa anawajua pomboo, katazo halimhusu. Mjukuu wangu alidhani ni mchezo. Sasa mnajua, na mmejua kwa bei mbaya."

Wavu ulichomwa jioni hiyo. Hakuna aliyesogea kuota moto.

Mashua ya Mbarek ilikaa nchi kavu msimu wote, siku themanini na nne. Mbarek alivua kwa miguu, akibeba wavu wa watu wengine begani. Mama yake Teslem alibaki Nuadhibu mwezi mmoja zaidi, kwa kuwa dawa zilikuja nusunusu. Fimbo wazee walimpa Sweilim, na Teslem hakuigusa tena. Sweilim alirudi kunywa chai baada ya Idi. Lakini alikunywa bilauri moja, akashukuru, akainuka. Ya pili na ya tatu hakuzingoja tena.

Siku ya ishirini na tatu tangu wavu uchomwe, Sweilim aliyapiga maji, na kwa mbali mapezi yakatokea. Wanaume walilia hadharani, na nyavu zao zimejaa. Teslem alisimama ufukweni na bibi yake, akahesabu.

Mwanzo wa msimu pomboo walikuwa kumi na mmoja. Jike alikufa katika wavu. Mtoto wake alizunguka mkondoni siku tano, siku ya sita akapatikana upande wa kaskazini, amekufa juu ya mchanga.

Teslem alihesabu mara mbili. Walikuwa tisa.