Mashine ya Evodie Ina Homa

Kwa Mama Philomène kila kitu kinavaa. Redio inavaa. Televisheni inavaa. Hata birika la chai lina kofia yake. Mama anafuma vitambaa vyeupe vya maua, na akina mama wengi wa Kalemie wanavinunua kwa ajili ya sebule zao. Usicheke, msomaji. Labda hata kwako kuna kimoja juu ya televisheni.

Basi siku binti yake Evodie alipoleta ordinatere nyumbani, Mama hakuuliza kompyuta hiyo ni ya kazi gani. Alipima sanduku lake kwa vidole, akachukua sindano. Baada ya wiki moja sanduku lilikuwa na kanzu nzuri, kutoka juu mpaka mezani.

Ordinatere hiyo ilitoka katika biro, ofisi moja ya mjini. Ilikuwa imetumika miaka mingi. Evodie aliitumia kukata na kuunganisha video za harusi. Jioni mdogo wake Blanchard, kijana wa miaka kumi na tisa, alicheza mchezo wa mpira humo. Wote wawili waligombania kiti kimoja.

Siku moja Papa Ignace, kiongozi wa korali ya waimbaji wa parokia, alileta picha za video na kazi kubwa.

"Binti, tunataka klipu ya nyimbo ine kwa jubile ya parokia," alisema. "Bado wiki tatu tu. Kama haitakuwa tayari, tutapeleka picha studio ya Uvira. Usikasirike."

"Itakuwa tayari, Papa," Evodie alijibu.

Lo! Alijibu haraka mno. Asubuhi mashine ilifanya kazi vizuri. Baada ya nusu saa picha zilianza kukwama. Waimbaji walifungua midomo, sauti ikafika nyuma yao. Kisha mashine ilijizima yenyewe. Ikawa hivyo siku ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Evodie alilia mbele ya mama yake bila kujificha.

"Mama, nikishindwa hii kazi, hakuna korali itaniita tena."

Mama Philomène aliweka sindano chini.

"Zamu yangu ya kupokea pesa za likelemba imefika," alisema. "Nilitaka mabati ya jikoni. Mabati yatangoja. Mama Olga anavuka ziwa kesho kwenda Kigoma. Mumuandikie liste, alete vyombo vya hiyo mashine. Lakini muandike vizuri! Munamujua."

Kila mtu wa mtaa alimjua Mama Olga. Ananunua kile kilichoandikwa, si zaidi, si pungufu. Na kitu kikishavuka ziwa, yeye hakirudishi.

Blanchard alikuwa ameshashika kalamu.

"Kadi ya picha, ile kubwa kabisa," aliandika huku akisema. "Na sanduku mupya lenye taa za rangi. Basi, makuta ya likelemba imeisha."

"Na klipu yangu?" Evodie aliuliza.

"Kadi njo roho ya mashine! Rafiki yangu Bénit iko nayo. Mpira unaonekana kama uko uwanjani. Klipu yako itakimbia yenyewe."

Evodie aliitazama liste. Lakini swali moja lilimsumbua kichwani. Kwa nini asubuhi mashine inakubali na baada ya nusu saa inakataa? Mashine ni ileile. Kazi ni ileile. Alivaa sandali, akaenda kumwita Mama Laurette.

Mama Laurette anatengeneza redio za meli bandarini. Ni mwanamke mfupi, anatembea na bisibisi mfukoni kama wengine wanavyotembea na leso. Ukimuuliza swali, kwanza anakuuliza yeye.

Alipofika hakutazama liste. Aliweka kiganja juu ya kitambaa cheupe, akauondoa mkono haraka.

"Aa! Hii mashine iko na homa. Nani aliivalisha?"

"Mimi," Mama Philomène alisema kwa furaha. "Inapendeza, sivyo?"

"Inapendeza sana, Mama. Lakini mashine inapumua. Tazama haya matundu. Hewa ya baridi inaingia huku mbele, ya moto inatoka huku nyuma. Ndani iko prosesa, ile njo kichwa kinachofikiri. Ikipata joto sana, inapunguza mwendo ili isiungue. Joto likizidi, inajizima."

"Kumbe!" Evodie aliruka. "Asubuhi bado imepoa!"

Mama Philomène alitoa kitambaa polepole. Furaha ilikuwa imemtoka usoni.

"Basi njo mimi niliharibu kazi ya mutoto wangu?"

"Hapana, Mama. Ulipenda tu," Mama Laurette alimwambia. "Mashine ikilala, uivalishe, vumbi lisiingie. Ikiamka, uivue."

Walizima mashine, wakachomoa waya wa umeme. Mama Laurette alifungua ubavu wake. Vumbi lililokuwa ndani, ee Mungu wangu! Walilitoa kwa brashi laini, wakishika feni kwa kidole isizunguke. Kisha waliwasha tena. Saa nzima ilipita na mashine haikujizima. Lakini picha ziliendelea kukwama kidogo.

"Homa imekwisha, sasa tutafute njaa," alisema Mama Laurette. "Usinunue kitu kabla ya kujua mashine inakosa nini. Evodie, endelea na kazi yako. Blanchard, fungua ule ukurasa unaoonyesha kila kiungo kinafanya kazi kiasi gani."

Blanchard alisoma kwa sauti. "Prosesa, nusu. Memwari, imejaa. Disiki, mia kwa mia!"

"Memwari njo nini?" Mama Philomène aliuliza. Alikuwa amesogeza kiti karibu kabisa.

"Mama, ukisafisha samaki wengi, unawatandaza wapi?"

"Juu ya meza."

"Memwari njo meza. Disiki njo stoo. Meza ikiwa ndogo, kila mara utakimbia stoo. Na mulango wa stoo yenu ni muzito."

"Basi tununue meza kubwa," alisema Evodie, "na stoo yenye mulango mwepesi!"

"Umejisomesha mwenyewe. Hiyo stoo inaitwa SSD. Ndani yake hakuna kinachozunguka, kwa hiyo inasoma haraka kuliko disiki yenu."

"Na kadi yangu?" Blanchard aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kadi inachora picha. Kwa michezo, ile njo ya kwanza. Kwa video inasaidia pia. Lakini soma hapa." Mama Laurette alionyesha karatasi iliyobandikwa kwenye kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine. "Wati mia mbili na makumi ine. Kadi kubwa inataka umeme kupita huu, na waya wake haupo. Halafu itakaa wapi? Pima."

Blanchard alipima nafasi kwa rula ya shule. Sentimita ishirini na moja. Alimpigia Bénit simu, Bénit akapima kadi yake. Sentimita thelathini! Blanchard alishika kichwa, kisha akacheka hata machozi yakamtoka.

"Ingevuka ziwa kuja kulala kabatini!"

"Na kanzu ningeifuma," alisema Mama Philomène. Wote wakacheka naye.

Liste ya kwanza ilichanwa. Evodie aliandika mpya. Memwari mbili zinazofanana, giga nane kila moja. SSD moja. Kadi ndogo iliyotumika, ile inayochukua umeme palepale inapochomekwa, isiyozidi sentimita ishirini. Mama Olga aione ikifanya kazi kabla ya kulipa. Mwisho, stabilizatere, kifaa cha kutuliza umeme, kwa sababu umeme wa mtaa wao unapanda na kushuka unavyotaka.

"Na taa za rangi?" Blanchard aliuliza.

"Taa haikati video, na haifungi bao," Mama Laurette alimjibu.

Kisha alizima mashine, akachomoa memwari ya zamani, wakapiga picha maandishi yake yote. Memwari ziko za aina nyingi, aliwaeleza. Aina nyingine haiingii katika tundu lako hata ukiisukuma. Picha hizo zilitumwa katika simu ya Mama Olga pamoja na liste.

Mama Olga alirudi baada ya siku sita. Kila kitu kilikuwa kama kilivyoandikwa. Evodie mwenyewe alichomeka memwari moja moja, mpaka ikalia "ka!" Mama Laurette alifunga vilivyobaki, na kuanzia hapo kazi ilikwenda. Alimaliza klipu siku mbili kabla ya jubile. Blanchard naye alicheza mpira wake. Aliweka picha za kiwango cha kati, na mchezo haukukwama hata mara moja.

Siku ya jubile sala ya parokia, ule ukumbi mkubwa, ilijaa. Klipu ilionyeshwa juu ya ukuta mweupe. Wimbo wa kwanza, vigelegele. Wimbo wa pili, watu walisimama. Papa Ignace alimwinamia Evodie. "Uvira wangoje wengine," alimnong'oneza.

Katikati ya wimbo wa tatu picha ikaanza kufifia. Evodie aligeuka.

Kule nyuma, mashine ya kurushia picha ukutani ilikuwa imepambwa kwa sikukuu. Juu yake kulikuwa na kitambaa cheupe cha maua, kimeziba matundu yake. Mama Philomène alikitambua toka mbali, maana yeye mwenyewe ndiye aliyekiuza kwa parokia.

Alisimama na kitenge chake cha jubile. Alipita mbele ya padri, mbele ya wakubwa wote, na kivuli chake kikapita ukutani juu ya waimbaji. Hakuomba njia. Alifika, akakivua kitambaa, akakikunja mara nne.

"Samahani, Papa padri," alisema, na sala nzima ikamsikia. "Mashine inapumua. Kitambaa chenu nitakirudisha ikilala."

Alikaa palepale kando ya mashine, kitambaa mapajani, akaanza kuipepea kwa karatasi ya nyimbo. Baada ya muda kidogo picha ilirudi safi, na korali ikamaliza wimbo wake.