Kompyuta ya Marehemu Mwalimu

Kitu cha kwanza kilichomshtua fundi kilikuwa jina. Hakuwa amechomeka hata waya mmoja, kompyuta ile kuukuu ilikuwa imetulia mezani kama jiwe, lakini kwenye simu yake, katika orodha ya mitandao ya jirani, palikuwa na mtandao mpya: NIPO HAPA.

"Hawa wa ghorofani hawaishiwi utani," alijisemea, akaendelea na kazi.

Kompyuta ililetwa na mjane wa mwalimu, mama mtaratibu aliyekuwa ameketi kwenye benchi la wateja, mkoba mapajani. Mumewe aliandika ndani yake kila siku ya Mungu kwa miaka ishirini, na sasa mama alitaka maandishi hayo yahamishiwe kwenye simu yake ayasome. Tatizo, mashine ilitengenezwa kabla watu hawajaota intaneti isiyo na waya. Fundi alikuwa na dawa yake: kijisanduku cha kuchomeka nyuma, kiiwezeshe kuongea na ruta ya intaneti ya dukani.

"Marehemu hakutaka iunganishwe na kitu," mama alisema kwa sauti ya chini. "Hata waya wa simu ya mezani aliukata kwa mkasi."

"Wazee na mashaka yao, mama."

Akachomeka, akawasha. Kioo kikawa kijani. Kabla hajagusa kitufe, nywila ya ruta ikajiandika yenyewe, herufi moja moja, kama mtu anayekumbuka. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani. Kisha kioo kikaandika: NIMETOKA.

Simu ya fundi ikaita. Mkewe.

"Mume wangu, mbona unanichanganya? Mtoto nimeshamvisha viatu. Kweli nimwache peke yake getini?"

"Nani kakwambia umwache getini?"

"Si wewe? Umepiga sasa hivi!"

"Funga mlango. Mshike mtoto, usimpe mtu yeyote, hata akija na sura yangu."

Mkewe akanong'ona, "Uko hapa mlangoni unagonga. Unaniambia maneno hayo hayo. Nitajuaje wewe ni yupi?"

Fundi alirukia ruta akaung'oa waya wake ukutani, akang'oa na kijisanduku, akazima swichi kubwa ya duka zima, lakini kioo kilizidi kung'aa, na spika ya mashine ikaanza kutoa mlio wa kugonga, ngo, ngo, ngo, mlango wa nyumbani kwake kabisa, ule wa bati wenye komeo lililolegea, na nyuma ya kugonga huko akaisikia sauti yake mwenyewe ikibembeleza, fungua mke wangu, ni mimi, fungua, jua kali huku nje.

Mjane akainuka. Alikuwa amekodolea macho kioo, ambako maandishi ya zamani yalikuwa yakipita mbio: swali, jibu, swali, jibu.

"Nipishe, mwanangu."

"Mama, usiiguse!"

"Nilidhani anajiandikia. Kumbe alikuwa anajibu." "Miaka yote nilimnunia kwa kutoongea na mimi. Kumbe alikuwa analishika hili lililomo humu lisitoke."

Akaketi, akaandika kwa kidole kimoja: Mwalimu amekufa. Mimi ni mkewe. Rudi tuongee.

Kugonga kukakoma. Simuni mke wa fundi alikuwa analia. "Hamna mtu tena. Mlangoni hamna mtu."

Kioo kikauliza: UTAKUJA KILA SIKU?

Mara mbili mama aliinua kidole, mara mbili akakishusha. Ndipo akaandika: Ndiyo.

Fundi aliibeba mashine hadi kwenye teksi, uso ameugeuzia pembeni. Mama akaipakata, waya wake wa umeme ukining'inia hewani.

"Nikusindikize, mama? Tutafute mtu wa dua..."

"Kamwone mwanao," alimkatiza. "Mimi nikichelewa, litakasirika."

Gari lilipoondoka, uso wake ulikuwa tayari umemulikwa na mwanga wa kijani, na kidole chake kilikuwa kinaandika.